Neno la Mhariri: Anayepanga Zamu

Ukitoka mjini Nyeri kuelekea Nanyuki, huendi mbali kabla ya kufika Kiganjo: stesheni ya reli, kiwanda cha maziwa cha KCC, maduka kandokando ya barabara, na chuo ambacho kwa miongo mingi kimewapokea vijana wakiwa raia na kuwatoa wakiwa polisi. Mkenya akikuambia kwamba ndugu yake "alipitia Kiganjo", huhitaji maelezo zaidi. Toleo hili linahusu kazi na afya, na nimechagua tuanzie hapo kwa sababu chuo hicho kinafanya jambo moja ambalo waajiri wengi wa eneo hili la Mlima Kenya hawalifanyi, akiwemo yule anayewaajiri polisi wenyewe.

Kurutu hahubiriwi afya. Anapangiwa. Ratiba imeandika saa ya kuamka, ya kukimbia, ya chakula, ya darasa, ya gwaride na ya kulala. Maisha ya chuoni ni magumu na sina haja ya kuyapamba, lakini kurutu haachiwi ajitafutie mwenyewe nafasi ya kula au kulala katikati ya kazi aliyopewa. Mkufunzi anajua kwamba mbio za alfajiri ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni chakula na usingizi, na bila hivyo mbio zenyewe zitamvunja kijana badala ya kumjenga.

Kisha kijana huyo anavishwa sare, anapita kwa mwendo wa gwaride mbele ya mgeni wa heshima, wazazi wanalia kwa furaha, na anapelekwa kituoni. Kuanzia siku hiyo saa zake hazina mlinzi. Zamu ya mchana inaweza kuunganishwa na doria ya usiku, na siku ya mapumziko inaweza kufutwa kwa simu moja. Serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Mwaka 2020 jopo la Daktari Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Novemba 2023 jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikabidhi ripoti yake kuhusu hali ya polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Tunajua kuwakuza askari wenye afya njema. Kuwatunza wabaki hivyo ndiko kunakotushinda, na ninaamini chanzo kikubwa ni kwamba tumehamisha afya kutoka kwenye ratiba ya mwajiri tukaitupa kwenye dhamiri ya mfanyakazi.

Kiganjo pana historia nyingine inayofundisha jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo chuoni hapo aliitwa Kipchoge Keino. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Lakini hadithi inayopendwa kusimuliwa ni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968: jinsi alivyoumwa na nyongo, akaanguka katika mbio za mita 10,000, kisha akarudi uwanjani kuchukua fedha katika mita 5,000 na dhahabu katika mita 1,500 huku akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma. Ni ushujaa wa kweli. Nimesikia hadithi hiyo ikitumiwa kwenye mikutano ya wafanyakazi kama somo la kujituma: mgonjwa alikimbia, wewe mwenye kichwa kinachouma unalalamika nini? Matumizi hayo yananikera. Siku chache za Oktoba hazikumfanya Keino kuwa Keino. Alitengenezwa na miaka ya mazoezi yaliyopimwa, yaani kukaza, kulegeza, kula na kulala, katika chuo ambamo saa zilikuwa na mpangilio. Anayemtaka mfanyakazi wake aige Mexico na ampe kwanza zile saa za Kiganjo.

Zunguka mlima hadi upande wa Embu, utafika Kigari. Katika chuo cha ualimu cha hapo ndipo timu ya taifa ya mbio za nyika ilipopiga kambi mwaka baada ya mwaka. Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa dunia wa timu mara 18 mfululizo. Walioandika kuhusu kambi hiyo wameeleza mbio tatu kwa siku, ya kwanza kabla ya jua kuchomoza, nyingine milimani kwa kasi ya kutisha. Kinachotajwa kwa haraka tu ni yale mambo ya katikati. Baada ya mbio, chai na mkate, kisha kitanda. Baada ya chakula cha mchana, kitanda tena. Wanaume wenye nguvu kuliko wote duniani walilala mchana na hakuna aliyewaita wavivu, kwa kuwa kocha ndiye aliyepanga hivyo.

Sasa tazama yanayofanyika maofisini kwa jina la afya ya wafanyakazi. Siku moja kwa mwaka kuna fulana, maji ya chupa, matembezi ya kilomita chache na mtaalamu aliyealikwa kusema tufanye mazoezi na tupunguze chumvi. Ushauri huo ni sahihi. Lakini umeletwa kutoka nchi ambazo watu huketi kutwa nzima, na shida ya Mkenya wa kawaida siyo hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliowapima Wakenya viashiria vya maradhi yasiyoambukiza uliwakuta watu wazima wasiofikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa kuwa chini ya asilimia 10, huku karibu robo ya watu wazima wakiwa na presha. Tunatembea, tunalima, tunabeba, na bado mishipa inapasuka. Nyeri ilipoteuliwa mwaka 2018 kuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, sababu iliyotolewa ilikuwa mzigo wa maradhi kama kisukari na presha. Chumvi imo katika sababu hizo, na pombe imo. Eneo hili halina haki ya kukwepa suala la pombe. Ila kuna sababu moja ambayo haijapewa fulana yake, nayo ni saa.

Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, huongeza uwezekano wa kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, na wa kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 pekee yalikadiria vifo 745,000 vilivyotokana na saa hizo. Na wengi wa hao walikufa wakiwa na umri wa miaka 60 hadi 79, kwa kazi waliyoifanya miaka mingi nyuma. Ndiyo maana mwajiri haoni chochote. Mtu wake haanguki langoni; anaanguka akiwa amestaafu, nyumbani kwake Othaya au Mukurwe-ini, na jina lake haliko tena kwenye daftari la mshahara. Mchumia juani hulia kivulini, tunafundishwa tangu utotoni. Angalia basi foleni ya kliniki ya presha siku yoyote, uone wangapi wamekifikia kivuli wakiwa na mkono mmoja usiofanya kazi.

Atakayesema kwamba huo ni ubinadamu tu, na kwamba biashara inahitaji saa ndefu, nampeleka Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Viwanda vya risasi na mizinga vilihitaji kila saa iliyopatikana. Jumapili ilifutwa, na wanawake wakasimama kwenye mashine wiki nzima. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza afya yao. Takwimu zilizokusanywa wakati huo zilichambuliwa upya mwaka 2014 na John Pencavel, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Aligundua kwamba baada ya saa zipatazo 50 kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na kwamba aliyefanya kazi saa 70 hakutoa zaidi ya aliyefanya saa 56, au tofauti ilikuwa ndogo mno. Saa 14 za uchovu wa mtu, na karibu hakuna risasi hata moja ya ziada. Mkulima anayepeleka maziwa KCC analijua jambo hili bila kusoma Stanford: ng'ombe asiyepewa nafasi ya kulala na kucheua hatatoa maziwa hata ukimkamua mara tano.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Ni nzuri, ingawa kuna watu hapa Nyeri ambao hawajawahi kuiona hiyo likizo. Pengo liko kwenye agizo la jumla la mishahara. Linaweka wiki ya kawaida isiyozidi saa 52 katika siku sita. Kisha linafika kwa mfanyakazi wa usiku, na kwake wiki ya kawaida ni hadi saa 60.

Simama hapo usome tena. Kazi ya usiku, inayokwenda kinyume cha mwili, ambayo mtu akiimaliza anarudi nyumbani kulala mabati yakipata joto na watoto wakicheza mlangoni, ndiyo iliyopewa saa nyingi zaidi. Inapita kikomo cha 55 kabla ya dakika moja ya ovataimu kuhesabiwa. Na hizo 60 ndizo za kisheria. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki, amefanya saa 72. Mtu huyo analinda benki, shule na maduka makubwa ya mji huu. Asubuhi anapanda bodaboda huku macho yakifumba, na huenda mwendeshaji naye hajalala.

Najua jibu litakalokuja, na linatoka kwa mlinzi mwenyewe: nipunguzie saa, nilipe karo na nini? Ni jibu zito. Mwenye mshahara mdogo huomba zamu ya ziada, na hatutamsaidia kwa kumkata saa na kumwacha na njaa. Lakini tusiligeuze hitaji lake kuwa ridhaa. Akikubali saa 72 kwa sababu 48, yaani zamu sita za saa nane, hazilishi familia, kilichooza ni malipo ya hizo 48, na mjadala wa saa hauwezi kutenganishwa na mjadala wa mshahara. Wanaotutaka tuyajadili mbalimbali wananufaika na utengano huo.

Wapo pia wasio na bosi wa kumlaumu. Mama anayechuma majani chai Tetu au Othaya huamkia shambani, hubeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, na hapo husubiri lori. Barabara ikiharibika kwa mvua, lori hufika giza limeingia, naye hapaswi kuondoka kabla majani hayajapimwa. Akifika nyumbani anaanza kupika. Hakuna sheria ya ajira inayohesabu kusubiri huko kuwa kazi. Kiwanda kinaweza kupunguza kusubiri huko, kwa kutengeneza barabara na kushika saa za lori. Na kiwanda hicho ni mali ya wakulima wenyewe, wenye kura ya kuwachagua wakurugenzi. Sijasikia mgombea wa ukurugenzi akiahidi lori litafika kabla ya magharibi. Ningempigia kampeni.

Simu imeongeza lake. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi, na waajiri wakaupinga kwa nguvu. Karani anayetumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku anajua kwa nini mswada huo uliletwa. Mwandishi mmoja katika toleo hili amelichambua suala hilo kwa kina, nami namwachia.

Nawaomba jambo dogo wanaopanga zamu: wasimamizi wa wodi, wakubwa wa vituo, mameneja wa kampuni za ulinzi, walimu wakuu wenye mabweni. Chukueni karatasi ya zamu ya mwezi uliopita, mjumlishe saa za kila jina kwa kila wiki. Jumlisheni na mikutano ambayo muuguzi aliyekesha aliitwa kuhudhuria asubuhi yake. Atakayepita 55 mna deni kwake, hata kama hajalalamika. Mahali penye zamu mbili za saa 12, pigeni hesabu ya zamu tatu za saa nane, na muingize katika hesabu hiyo mizigo iliyoibwa mlinzi akisinzia, dawa iliyotolewa kimakosa, gari lililopinduka.

Na kwa Waziri wa Kazi kuna ombi lisilohitaji sheria mpya bungeni. Kila tarehe 1 Mei taifa husikiliza kama kima cha chini cha mshahara kitapanda, na kikipanda, agizo la mishahara hurekebishwa na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Katika agizo hilo hilo ndimo ilimo ile ibara ya saa 60 za usiku. Baraza la mishahara likishauri, kalamu inayobadilisha shilingi inaweza kuibadilisha nayo, iwe 48, mshahara wa wiki ukibaki ulivyo.