Mwanao wa udaktari si mvivu, amechoka (Sehemu ya 4)

Mama zangu na wadogo zangu wa Biharamulo na Ngara, leo nawasema nyie kidogo. Msinune.

Mtoto akichaguliwa kusoma udaktari, mtaa mzima unamwita "dokta" hata daftari hajafungua. Mmeuza ng'ombe, mmeuza maharage, sawa, tunajua. Ila baada ya hapo simu zenu ni za mambo mawili tu: matokeo, na "boom limeingia?" Hilo boom, kwa anayepata mkopo wa serikali, mwaka 2022 lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ni la chakula na malazi. Halafu mnataka humo humo itoke ada ya mdogo wake na bati za nyumba! Jamani.

Udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali. Akishaanza wodi, asubuhi yuko kwenye raundi, usiku anakesha na vitabu akiogopa sapu, maana sapu zikizidi anadisko. Akikosa jibu anafokewa mbele ya mgonjwa. Hapa nawageukia na wakubwa zangu wa kazi: kumdhalilisha mwanafunzi siyo kumfundisha. Eti "hata sisi tulipitia". Kwa hiyo? Mtoto wa watu anafia mbele yake, na jioni ile hakuna hata mmoja anayemuuliza kama yuko sawa.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa namna hii: nguvu zinaisha, kazi inakutoka moyoni, unajiona huna unachoweza. Walikuwa wanaongelea watu wa kazini. Mwanafunzi wa wodini naye anafanya kazi, tena bila mshahara.

Na wewe mwenye kichanga usiseme hayakuhusu. Huyo aliyekufa ganzi ndiye utakayemkuta saa tisa usiku umembeba mwanao anachemka homa. Unataka akupokee vipi?

Akirudi likizo akalala mpaka saa nne asubuhi, mwacheni alale. Akianza kujitenga, hali, anasema bora afe, msimtafutie mchawi. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni mpigie. Matokeo yaache, boom liache. Muulize amekula nini.

Sehemu ya 5 nakuja na wanafunzi wa uuguzi. Huko ndiko kwetu, nitasema vizuri.