Barua pepe za biashara: Ridhaa ya mteja ndiyo mtaji

DODOMA ya leo si ile ya mwaka 1973, ilipotangazwa kuwa makao makuu ya nchi huku ofisi nyingi za Serikali zikiendelea kubaki Dar es Salaam. Tangu Serikali ianze kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, mteja wa mfanyabiashara wa Dodoma amebadilika. Ni ofisa wa wizara anayewasili Mtumba asubuhi na kufungua kompyuta. Ni mbunge anayekuja kwa mkutano wa Bunge kisha akarejea jimboni. Ni mshiriki wa warsha anayeshuka kwenye treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, akalala siku mbili na kuondoka.

Mteja wa namna hii hapatikani kwa gari la matangazo lenye kipaza sauti. Anayo anwani ya barua pepe na huifungua kila siku ya kazi. Kwa hoteli, kampuni za bima, wauzaji wa vifaa vya ofisi na watengenezaji wa mvinyo wa zabibu, anwani hiyo ni mlango unaotamanisha. Swali la kujiuliza ni moja: nani ana haki ya kubisha hodi katika mlango huo, na kwa habari gani?

Jibu linaanzia kwenye kutofautisha aina za barua zenyewe, kwa kuwa wafanyabiashara wengi huziweka zote katika kapu moja na kuziita matangazo.

Aina ya kwanza ni barua ya muamala. Mteja amelipia chumba, anatumiwa uthibitisho wenye tarehe na kiasi alicholipa. Amenunua bidhaa, anatumiwa stakabadhi. Barua hii haihitaji kubembeleza mtu aisome, kwani mwenyewe anaisubiri. Ikichelewa, mteja huanza kupiga simu akiwa na wasiwasi wa fedha zake. Kwa sababu hiyo ndiyo barua muhimu kuliko zote, na ni kosa kuijaza ofa hadi stakabadhi yenyewe ikafichika.

Inayofuata ni barua ya kumkaribisha mteja mpya. Hutumwa mara moja tu, mara baada ya mtu kujiandikisha, na kazi yake ni kumweleza atapokea nini, mara ngapi, na atajiondoa vipi akichoka. Biashara inayosema mapema kwamba itaandika mara moja kwa mwezi, kisha ikatimiza ahadi hiyo, hujenga heshima ambayo punguzo la bei haliwezi kuinunua.

Ipo pia aina ya jarida la barua pepe, ambalo halianzi kwa kuuza bali kwa kuarifu. Hapa kanda ya kati ina utajiri wa pekee. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Mtengenezaji wa mvinyo anaweza kuwaeleza wateja wake mavuno yamekwendaje, chupa zipi zimekuwa tayari na zinapatikana duka gani. Msindikaji wa alizeti wa Singida naye anaweza kueleza msimu na hali ya mafuta sokoni. Msomaji wa jarida kama hilo hupata habari hata siku ambayo hana nia ya kununua, na siku nia inapokuja jina la kwanza kulikumbuka huwa ni hilo.

Barua ya ofa ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Ofa yenye maana hufuata kalenda ya mteja. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Hoteli ya Dodoma inayotuma ofa ya vyumba katikati ya msimu huo inapunguza bei ya kitu ambacho tayari kina wanunuzi. Ofa hiyo hiyo ikitumwa mwishoni mwa Juni, kwa wateja waliowahi kulala hapo, ikiwahusu watakaorejea Julai na Agosti, inajaza vitanda vilivyoachwa wazi.

Barua ya kukumbusha ina heshima yake. Bima ya gari huisha kila baada ya muda uliokatiwa, na sheria inamtaka mwenye gari awe nayo barabarani. Kampuni inayomkumbusha mteja mwezi mmoja kabla, kisha wiki moja kabla, inamwokolea usumbufu na wakati huo huo inalinda mauzo yake. Kwa upande wake, barua ya kuomba maoni inafaa ikiwa fupi, yenye maswali mawili au matatu, na ikifuatiwa na hatua. Mteja aliyelalamikia maji ya bafuni, kisha akakuta tatizo lile lile safari ijayo, hatajibu tena.

Mwisho ni barua ya kumrejesha mteja aliyepotea. Mtu ambaye hajanunua mwaka mzima anaweza kuulizwa mara moja, pengine mara mbili, kama bado angependa kuandikiwa. Akinyamaza, busara ni kumwondoa kwenye orodha. Wafanyabiashara wengi huona uchungu kufuta majina, lakini orodha ya watu 300 wanaosoma ina faida kuliko ya watu 3,000 wanaofuta bila kufungua.

Tofauti ya aina hizi si ya kitaalamu tu, ni ya kisheria pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo, inakataza kutuma tangazo la bidhaa au huduma kwa mtu asiyeliomba, isipokuwa kama ameridhia, kama mtumaji anajitambulisha na kueleza lengo lake mwanzoni, na kama mpokeaji anapewa nafasi ya kukataa barua nyingine. Sheria hiyo inamtambua aliyewahi kuwa mteja: anwani iliyopatikana wakati wa mauziano inaweza kutumika kutangaza bidhaa zinazofanana na alizonunua, mradi alipewa nafasi ya kukataa tangu mwanzo na anaendelea kupewa nafasi hiyo katika kila barua.

Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Chini ya sheria hiyo, anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 3, 2024. Msingi wake mkuu ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja haigeuzwi kutumika kwa lengo lingine. Aidha, mwananchi anayo haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara.

Hapo ndipo Dodoma inapaswa kujitazama kwenye kioo. Huu ni mji wa mikutano. Katika kila warsha karatasi ya mahudhurio huzunguka meza kwa meza, na kila mshiriki huandika jina, ofisi, namba ya simu, anwani ya barua pepe na kutia saini. Katika maonyesho ya Nanenane viwanja vya Nzuguni, mabanda huweka kitabu cha wageni chenye safu kama hizo. Karatasi hizo ni kishawishi kikubwa. Ni rahisi mtu kuzipiga picha, kuziingiza kwenye kompyuta na kuanza kuwatumia washiriki wote ofa za viwanja, mikopo au samani.

Hata hivyo, aliyesaini mahudhurio alithibitisha kuwapo kwake kwenye mkutano, basi. Aliyeandika jina kwenye kitabu cha wageni alionyesha ustaarabu wa mgeni. Hakuna kati yao aliyeomba tangazo kila Jumatatu. Banda linalotaka kuwaandikia wageni wake lina njia nyepesi: liweke safu moja zaidi yenye swali la wazi, na atakayekubali aweke alama mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la biashara ya leo linapaswa kuonyesha pia nani aliridhia, lini na kwa jambo gani.

Asiyeiogopa sheria atakutana na mashine. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail wathibitishe umiliki wa jina la tovuti wanalotumia, waweke njia ya kujiondoa kwa hatua moja, na malalamiko dhidi yao yasifikie asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila 1,000. Yahoo nayo ilichukua hatua kama hizo. Mfanyabiashara mdogo hafikii idadi hiyo, lakini mitambo hiyo humpima yeye pia. Wapokeaji wake wakizidi kubonyeza alama ya taka, hata stakabadhi halali zitaanza kutupwa kwenye kapu hilo hilo.

Ipo hoja kwamba Watanzania wengi wanasoma ujumbe wa simu na WhatsApp kuliko barua pepe. Hoja hiyo ina uzito. Muuza mahindi wa Kibaigwa hahitaji jarida la barua pepe ili kumpata mnunuzi wake, simu inamtosha. Lakini kwa ankara, mkataba, nauli ya kikazi au hoteli ya wageni wa ofisi, kumbukumbu inayoweza kuchapishwa na kuwekwa kwenye jalada bado ni barua pepe. Na kwa wanaodhani kuandikia maofisa ni njia ya mkato ya kupata kazi za Serikali, ununuzi wa umma sasa unafanyika kupitia mfumo wa NeST. Tangazo halichukui nafasi ya zabuni.

Mteja naye asibaki mtazamaji. Anayepokea tangazo asiloliomba ana haki ya kumuuliza mtumaji alikoipata anwani yake, kumtaka aifute, na akipuuzwa kupeleka malalamiko kwenye Tume. Mji wenye ofisi, vyuo na wageni wengi kiasi hiki hautakosa wa kuandikiwa. Kitakachoadimika ni imani yao, nayo hupotea kwa kubonyeza mara moja tu.