Nani Kasema Land Rover Lazima Livuje?

Ipo kauli moja inayonichosha. Utaisikia stendi ya Chato, utaisikia Buseresere, utaisikia Katoro mbele ya duka la spea, na anayeitoa huwa anacheka kabla hajaimaliza: ati Land Rover lisilovuja ujue limeishiwa oili. Basi wote wanacheka. Mwenye gari anacheka, fundi anacheka, tingo anacheka. Kisha mwenye gari anatoa hela ya lita moja ya oili namba tisini, inamiminwa, gari linaondoka na doa jeusi linabaki pale lilipokuwa limeegeshwa. Kesho hivyo hivyo. Ukiuliza, mzee mmoja atakujibu kwa upole kabisa, "Ng'wanawane, Land Rover ndivyo lilivyo."

Sivyo lilivyo. Nasema kauli hiyo ni ya kivivu na tumeilea mno. Imegeuza ubovu kuwa sifa. Na wala si yetu: wenye Land Rover wa Uingereza wanataniana kwa maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba wengi wao wanataniana juu ya gari linalotoka Jumapili kwenda kutembea. Sisi tunataniana juu ya gari linalopakia viroba vya mawe kutoka duarani kwenda karashani, na watu wamekaa juu ya viroba.

Hebu tuliangalie hilo gari lenyewe. Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Toleo la pili lilianza 1958, la tatu 1971, likaendelea kutengenezwa hadi 1985. Hayo mawili ya mwisho, hasa yale marefu tunayoyaita 109, ndiyo makuukuu tunayoyajua zaidi. Injini mbele, nyuma yake klachi, nyuma ya klachi giaboksi ya gia nne, na nyuma ya giaboksi imeshikana transfa, yaani lile boksi la pili linalogawa nguvu kwenda propela ya mbele na propela ya nyuma.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mzaha unapokwisha. Breki ya mkono ya gari hili haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja tu, imefungwa nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ndani kidogo ya dramu hiyo kuna sili ya oili. Sili ikichoka, oili ya transfa inaingia ndani ya dramu, viatu vya breki vinalowa, na kuanzia siku hiyo ule mkono wa breki ni pambo. Unauvuta hadi unafika mwisho, gari linateremka kama kawaida. Ndiyo maana kila Land Rover kuukuu lina tingo anayeruka na jiwe mkononi kabla gari halijasimama. Tumezoea jiwe hilo mpaka tunaliona ni sehemu ya gari. Jiwe lile ni kipimo cha sili iliyokufa. Siku tingo akichelewa kwenye mteremko, atakayekuwa nyuma ya gari hatacheka.

Kuna atakayesema: sili imebadilishwa mara tatu na bado inavuja, sasa kama si asili yake ni nini? Swali zuri. Tatizo ni kwamba linaulizwa kama jibu. Katikati ya giaboksi na transfa kuna sili nyingine, iko ndani, kwenye shafti kuu, huioni mpaka umefungua. Kazi yake ni kuhakikisha oili ya boksi moja haihamii boksi jingine. Ikifa, oili ya giaboksi inavuka taratibu na kuingia transfa. Giaboksi inabaki kavu, transfa inajaa kupita kiasi, na ile oili ya ziada inatafuta pa kutokea. Inatokea wapi? Kwenye sili ya nyuma, kwenye breki ya mkono. Fundi anaona inavuja nyuma, anabadilisha sili ya nyuma. Wiki mbili, imerudi. Anabadilisha tena. Mwenye gari anaanza kuamini kuwa sili zote za siku hizi ni feki, au fundi ni tapeli, au Land Rover lina pepo. Kumbe kila boksi lina kizibo chake cha kupimia oili, na kufungua vizibo viwili ni kazi ya dakika chache. Ukikuta huku hakutoki kitu na huku inamwagika yenyewe, umeshajua mgonjwa ni nani.

Mambo ya namna hiyo yako mengi. Kwenye difu kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope (na tope la kwetu mnalijua), difu likipata moto hewa ya ndani inatanuka, inasukuma oili kwenye sili iliyo dhaifu kuliko nyingine, na ikipita sili za habu inakwenda kulowesha breki za magurudumu. Sili mpya haisaidii kitu hapo. Kinachotakiwa ni kipande cha waya cha kuzibulia. Au flanji: mdomo wa sili ukisugua pale pale miaka 30 unachimba mfereji kwenye chuma, ukipapasa kwa ukucha unausikia. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji huo itavuja tangu siku ya kwanza. Dawa ni kuivisha flanji bati jembamba la duara, au kuijaza na kuikereza upya, au angalau kuiweka sili ndani au nje kidogo ili iguse chuma kizima. Tena chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu kinachodondosha oili, na oili hiyo yaweza kuwa ya injini, yaweza kuwa ya giaboksi. Inusie! Ile ya gia ina harufu yake kali huwezi kuikosea. Nani anayeinusa? Watu wanashusha injini nzima kwa sababu hawakutaka kuinama.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana kidogo na wazee wetu, kwa heshima zote. Wanasema, "Sisi tulikata gasketi za maboksi ya sabuni na magari yalitembea." Kweli kabisa, na wanastahili sifa. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 haukufunguliwa hadi 1983, na Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika. Katikati hapo tukapigana na Idi Amin, 1978 na 1979. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, sabuni yenyewe hakuna, boksi lake ndilo lilikuwa dili. Fundi aliyelifikisha gari Biharamulo kwa gasketi ya karatasi enzi hizo alikuwa shujaa. Lakini ndugu zangu, leo sili ina vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, na ukivipeleka dukani unapewa sili. Ya kukereza yanakwenda Mwanza, na kisingizio cha kulala foleni ya kivuko Busisi kimekwisha: tangu Juni 2025 pana daraja la takriban kilomita 3, unavuka bila kuzima injini. Shida imeondoka, mazoea yamebaki. Yule aliyekata boksi la sabuni hakuwa na njia nyingine. Huyu wa leo anaiga umaskini wa babu yake na kuuita ujanja.

Mbaya kuliko boksi la sabuni ni silikoni. Jamani silikoni! Fundi akishika tyubu anapaka kama anapaka siagi. Nusu inabaki nje, nusu inaingia ndani na kwenda kuelea kwenye oili. Na kuna mahali kwenye transfa, kwenye nyumba ya gia ya spidomita, pamewekwa vibati vyembamba kama karatasi. Mtu anaviona anadhani ni gasketi iliyochoka, anavitupa, anapaka silikoni. Vile vibati ndivyo vinavyoipa beringi ya shafti nafasi yake. Ukivitupa shafti inacheza, shafti ikicheza sili haikai, na tumerudi kwenye jiwe la tingo.

Nije kwenye kubadilisha giaboksi, maana huko nako kuna kelele. Wapo wanaoona kuitoa giaboksi ya asili ni dhambi. Oktoba 2024 Arusha kulifanyika tamasha la Land Rover, magari mamia kwa mamia, fahari tupu, na tangu hapo kila mwenye kuukuu amekuwa mlinzi wa makumbusho. Mimi sikubaliani nao. Toleo la pili lilitoka likiwa na gia namba moja na namba mbili zisizo na mtambo wa kusawazisha mwendo. Lazima ukanyage klachi mara mbili, laa sivyo zinalia. Ukifunga giaboksi ya toleo la tatu, ambayo gia zote nne zinaingia bila kelele, umemsaidia dereva na umeokoa meno ya gia. Hiyo si dhambi, ni akili.

Lakini si kuokota tu giaboksi kwenye skrepa na kuipachika! Klachi ya zamani ina springi nyingi ndogo, ya toleo la tatu ni pana zaidi na ina springi moja ya bati, na hata namna inavyosukumwa imebadilika. Ukichanganya nusu hii na nusu ile, klachi haiachii vizuri, na lawama inapewa giaboksi mpya. Na kabla haijafungwa, ndiyo saa ya kubadilisha sili zote pamoja na ile ya katikati, ikiwa iko mezani, inafikika kwa mikono miwili. Wangapi wanafanya hivyo? Wanaifunga kama ilivyotoka skrepa, na uchafu wake.

Wengine wanaruka moja kwa moja hadi giaboksi ya Toyota ya gia tano. Nayo siipingi, ila huko mambo yanataka kupima. Bamba la kuunganishia lisipokaa katikati sawasawa na injini, shafti ya mbele inazunguka ikiyumba na sili yake haimalizi msimu. Propela isipokatwa kwa urefu unaofaa na kukaa kwa pembe inayofaa, inatetemeka, beringi inalegea, oili inatoka. Kisha nani anasemwa? "Land Rover bwana, hata ukilitia Toyota linavuja tu."

Nisiwalaumu mafundi peke yao, nitakuwa muongo. Giaboksi ya Land Rover hizi haishuki chini kama za magari mengi. Inatokea juu. Unang'oa viti, unang'oa boksi la viti, unang'oa sakafu, kisha watu wanne na cheni wanaitoa kwa mlangoni. Boliti zenyewe zimeliwa na kutu. Ni kazi ya siku kadhaa ukitaka kuifanya kwa adabu. Bosi anakuja saa nne asubuhi anataka gari jioni, na bei anayotaja ni bei ya sili, siyo bei ya siku. Halafu kesho yake anauliza kwa nini fundi alipaka silikoni! Ulimlipa apake silikoni, bosi. Mtu anayelipia oili ya kuongeza kila wiki mwaka mzima, akipiga hesabu, ameshalipa giaboksi kufunguliwa na kufungwa, na chenji inabaki. Ila hesabu hiyo haipigwi kwa sababu oili inanunuliwa kidogo kidogo, tena kwa kicheko.

Na sisi wa kalamu tusijifanye hatumo. Chato ikiandikwa inaandikwa dhahabu ya jirani, uwanja wa ndege, na kaburi la Rais Magufuli aliyezikwa hapa Machi 2021. Gereji chini ya mwembe haiandikwi. Kijana anayejifunza kutunga anadhani "machweo" ni neno la fasihi na "flanji" ni neno la watu wachafu. Matokeo yake ni nini? Kitabu cha kiwandani cha gari hili kiko kwa Kiingereza, spanaboi haelewi, anajifunza kwa kutazama mkono wa fundi wake. Kama fundi wake hakuwahi kufungua vizibo viwili na kulinganisha, naye hatafungua. Kinachorithiwa ni ule mzaha, kwa sababu mzaha ni mfupi na unachekesha. Na Land Rover la mtindo ule la mwisho lilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Hakuna jipya litakalokuja kutufundisha.

Kwa hiyo wenzangu mnaonung'unika kila toleo kwamba hamna cha kuandika, chukueni daftari mwende mkakae gereji wiki moja. Muulizeni fundi, na mwandike anavyosema mwenyewe, na sili yake na bushi yake na matusi yake kidogo. Mimi ningeanza na sili ile ya kati ya giaboksi na transfa, kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu, na mafundi wanaoijua vizuri wameshaota mvi.