Mnamtaka Harusini Tu

Wenzangu wa kalamu, hebu tuambizane ukweli. Hapa Unguja mama humwita rafiki yake kipenzi “shoga”, na neno hilohilo vijana wa barazani humtupia mwanamume wanayetaka kumuumbua.

Mtaani kwetu yupo mmoja. Harusini haachwi: apige ngoma, apambe ukumbi, atoe mafumbo, kina mama wacheke mpaka mbavu ziume. Kesho yake asubuhi salamu yake haiitikiwi! Sheria nayo, tangu 2004, inawatia hatiani hata wanawake wanaopendana.

Na unafiki wetu, jamani. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, ilifutwa kwa kelele za Uamsho. Mwaka 2019 hukohuko Shangani likafunguliwa jumba la makumbusho yake. Kiingilio cha mgeni, kumbe, hakina dhambi.

Msinambie sina dini. Ijumaa mie nipo msikitini, na hapohapo nje ya mlango nawasikia watu wanasengenya, utadhani kusengenya si haramu.

Sasa sisi tunaojiita waandishi? Huyu mtu kwetu ni kichekesho cha ukurasa mmoja. Mhariri mmoja alinirudishia hadithi yangu: “Mwisho afe, au atubu.” Nimekataa. Hadithini mwangu anarudi alfajiri kutoka harusini, viatu mkononi, anabandika chai, anamwamsha mama yake kwa swala.

Haya, niambieni, hapo nifute kipi?