Mafuta ya Bujumbura: kumwongezea dereva saa si dawa

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KILA vituo vya mafuta vya Bujumbura vinapokauka, lawama humfikia haraka mtu aliye mbali na jiji: dereva wa lori la tangi. Mwenye mzigo anataka asilale. Mwenye gari anampigia simu kila saa. Mvua zikianza, shinikizo huwa kubwa zaidi.

Wapo wanaouliza kwa nini sisi tusifanye kama Marekani. Kule dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 baada ya kupumzika saa 10, lakini dhoruba za theluji zikizuia mafuta ya kupasha nyumba joto, serikali hulegeza sheria hiyo kwa muda. Ilifanya hivyo katika baridi kali ya mwanzoni mwa 2014, gesi ya propeni ilipoadimika. Hata hivyo mwaka 2023 Wamarekani wenyewe walibana msamaha huo: ule unaofuata tangazo la gavana ulishushwa kutoka siku 30 hadi 14. Sababu ni kwamba dharura haimwondolei dereva uchovu.

Tupige hesabu yetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi na mpaka wa Kabanga/Kobero ni zaidi ya kilomita 1,500. Tuseme ni 1,600, na lori lililoshiba linakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa. Hizo ni saa 40 za usukani. Kwa saa 8 kwa siku, kiwango ambacho sheria ya Kenya imewawekea madereva wa magari ya biashara tangu 2012, ni siku tano. Kwa saa 11 ni karibu siku nne. Faida ni siku moja tu.

Siku hiyo moja inapotea mara ngapi kwenye foleni ya kupakia, kwenye mizani, mpakani, au nyuma ya lori lililonasa kwenye tope?

Tatizo kubwa linaanza kabla dereva hajawasha gari. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imebanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Kazi ya kuagiza mafuta iliwahi kukabidhiwa REGIDESO, kisha mwaka 2024 ikaundwa SOPEBU. Dola zisipopatikana, mzigo haupakiwi, na dereva hata asipolala wiki nzima hataleta lita moja.

Mvua nazo si za kupuuza. Katika msimu wa 2023/24, ulioanza na El Nino, Ziwa Tanganyika lilifurika, maji yakaingia Gatumba na bandari ya Bujumbura. Barabara ya kushuka kutoka Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hadi jijini ina kona kali na udongo unaoporomoka. Dereva anaifikia mwishoni mwa safari, akiwa amechoka kuliko siku zote.

Hatari ya tangi tunaijua. Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kongo, watu zaidi ya 230 wakafa. Agosti 10, 2019, lingine lilianguka Msamvu, Morogoro, kwenye njia hii hii ya Bujumbura, na waliokufa walizidi 100. Hatusemi ajali hizo zilitokana na usingizi. Tunasema tangi likianguka, anayelipa si mwenye gari peke yake.

Basi wasafirishaji wafanye nini? Kwanza, kuweka madereva wawili kwenye gari moja ni nafuu kuliko kumchosha mmoja. Pili, mikataba iandike malipo ya siku za kusubiri, ili dereva asilazimike kufidia usiku muda uliopotea mchana kwenye foleni. Tatu, waagizaji wajaze bohari kabla mvua hazijapamba moto, wasisubiri vituo vikauke.

Reli ya kutoka Uvinza nchini Tanzania hadi Musongati bado inajengwa. Hadi ikamilike, tanki la jiji hili liko mikononi mwa dereva. Haraka haraka haina baraka, na kwa mafuta haraka hiyo inaweza kuwaka moto.