NYUMBA BORA
Rehani: soma kwanza, sahihi baadaye

Mwezi huu tuzungumze juu ya rehani.

Hapa Tabora wazee wetu walijenga matembe. Pale Kwihara, katika njia ya misafara ya Ujiji, lipo tembe alilokaa Dokta Livingstone mwaka 1872. Tembe ni miti na udongo tu. Halina deni. Lakini siku hizi tunataka tofali za kuchoma, saruji na mabati. Vitu hivyo vyataka fedha mkononi, na fedha ya tumbaku huja mara moja kwa mwaka.

Serikali ilipata kutusaidia. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, ikakopesha watu wajenge nyumba za kudumu. Wengi walikopa, wengi hawakulipa. Mwaka 1995 benki ikafungwa. Sasa mikopo ya nyumba hutolewa na mabenki ya biashara, nayo hupenda zaidi mtu mwenye mshahara.

Je, mkulima ana nini? Anaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila. Halmashauri ya kijiji huitoa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hiyo yaweza kuwekwa rehani.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Ukiweka rehani, utaendelea kulala nyumbani na kulima shamba lako. Usipolipa, mkopeshaji ana haki ya kuviuza. Tuseme umekopa shilingi 2,000,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18. Utarudisha shilingi 2,360,000. Mvua ikikataa, utazitoa wapi?

Akina mama, sikilizeni sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Mke naye vivyo hivyo. Basi baba akileta karatasi na wino usiku, akasema, "Mama, tia dole hapa," usitie. Washa taa. Soma kiasi cha mkopo, riba, siku ya kulipa, na mali iliyowekwa rehani. Neno likikushinda, mwulize mwalimu au afisa mtendaji wa kijiji.

Karatasi yenye nafasi tupu usiitie sahihi kabisa. Mkopeshaji akisema ana haraka, mwambie arudi kesho.