Tope la Aral Halimtetei Mkosaji

Wako watu wasemao kwamba Bahari ya Aral, iliyozungukwa na nchi kavu katika Asia ya Kati, iliwahi kukauka zamani, basi asilaumiwe mtu kwa kukauka kwake tangu 1960. Dai hili ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hudanganya wengi kuliko uongo mtupu.

Wataalamu wachimbuao tope lake huona matabaka ya jasi, ambayo hutuama maji yapunguapo na chumvi izidipo. Tena huko Kerderi, juu ya sakafu iliyokuwa chini ya maji, yameonekana magofu ya kaburi la karne ya 14. Bahari ilipungua kweli. Lakini kwa sababu gani? Mwaka 1221 Wamongolia waliteka Gurganj na kubomoa mabwawa yake, na maji ya Amu Darya yakageukia magharibi. Katika karne ya 20 maji yalipelekwa katika mashamba ya pamba. Mkono wa mtu umo mara zote mbili.

Aliyechoma nyumba hasameheki kwa kuwa nyumba hiyo iliwahi kuungua. Na tangu boma la Kok-Aral likamilike mwaka 2005, maji yamerudi upande wa kaskazini. Mkono ulioharibu waweza kutengeneza. Wenye kusingizia zamani wanataka tu usinyoshwe.